Kadi Ndani ya Kopo

Mumbua hakuuona mlango. Ulikuwa wa kioo, umesuguliwa ukasuguka, na yeye alikuwa ameshika makopo mawili ya watu huku akiomba yasianguke. Akaupiga kwa paji la uso mbele ya nusu ya Birmingham. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Mei, na ile njia ya maduka iliyoezekwa kwa vioo katikati ya mji ilikuwa imefurika watu na mabegi yao. Makopo hayakuanguka. Kilichomtoka ni neno moja tu, "Woi."

"Pole sana, dada," sauti ya mwanamume ikasema kwa Kiswahili kutoka ndani. "Huo mlango umepiga wengi. Wewe ndiye wa kwanza kuulilia kwa Kikamba."

Mumbua aliingia akiwa ameinamisha kichwa kwa aibu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwembamba, amesuka mistari, na chini ya koti lake la samawati ilining'inia beji ya kampuni ya kutunza wazee. Aliyemsemesha alisimama nyuma ya kaunta ya mbao, amefunga aproni ya kijani juu ya shati jeupe lililokunjwa mikono, miwani imemshuka puani. Jina lake Alfayo, kwao Kaimosi. Duka lilinukia majani makavu, na kwenye rafu zilizofika darini yalipangwa makopo ya chai za Kijapani, mengine yameandikwa kwa herufi ambazo Mumbua hakujua hata pa kuanzia kusoma.

Alieleza kilichomleta kwa pumzi moja. Anamtunza Mzee Oliver wa Edgbaston, mwenye miaka themanini na minne. Marehemu mkewe, Setsuko, alikuwa Mjapani, naye alikuwa akinunua chai hapa tangu kijana. Sasa binti yao, Cheryl, amemtuma ajaze makopo haya mawili, jekundu na jeusi, na asiyabadilishe, na asiyaangushe, na tafadhali asiyaoshe kwa sabuni.

"Ameniambia mara tatu," Mumbua akasema.

"Basi tutayashika kama mayai," Alfayo akajibu, akayapokea.

Duka hilo lilikuwa na desturi yake, na mwenye duka, Bi Beverly, aliilinda kama babu yake alivyoilinda. Aliyepima chai huandika kadi kwa mkono wake: jina la chai, uzito, tarehe, namna ya kuipika, kisha hutia herufi za jina lake. Kadi huingia ndani ya kopo, juu ya majani. Hakuna nakala inayobaki dukani. Kadi ndiyo neno la mpimaji kwa mnywaji.

Alfayo alipima huku akieleza. Kopo jekundu lilikuwa la hojicha, majani yaliyokaangwa, chai nyepesi ambayo Mzee anaweza kunywa kutwa nzima. Jeusi lilikuwa la gyokuro. Hiyo, alisema, mashamba yake hufunikwa kivuli wiki kadhaa kabla ya kuchumwa, na majani hutoka na nguvu nyingi sana. Kijiko kimoja kidogo, maji ya vuguvugu, na vikombe hivi. Akamwonyesha kikombe ambacho kingeweza kujificha ndani ya ngumi ya mtoto.

"Hiyo ni chai ama ni dawa ya kikohozi?" Mumbua akauliza. "Kwetu Mwala, mgeni akipewa hiyo anaanza kutafuta viatu vyake."

Alfayo alicheka mpaka miwani ikaanguka. Akamwambia kwamba alifanya kazi ya kuonja chai kiwandani kule Nandi kwa miaka tisa, vikombe mia mbili kwa siku, onja, tema, onja, tema, na mpaka leo akikaribishwa chai kwa watu macho yake hutafuta pa kutemea. Mumbua naye akacheka, kisha akashtuka kujisikia anacheka. Zilikuwa zimepita wiki nyingi.

Kabla ya kufunika kopo jeusi, Alfayo aliigeuza ile kadi akaandika namba yake ya simu nyuma. "Ukikwama na mapishi," akasema. Wote wawili walijua kwamba hakuwa anazungumzia mapishi.

Usiku huo huo kadi ilitoka kwenye kopo la Mzee Oliver ikahamia mkoba wa Mumbua, na ikakaa humo.

Walianza kwa simu. Mumbua alimpigia akingoja tramu, akishuka tramu, akipanda ngazi za nyumba ya kaunsili pale Newtown alipopanga chumba. Alfayo alimwita "Mwala." Yeye alimwita "mtema chai." Jumapili baada ya kanisa walitembea Edgbaston chini ya miti, yeye amevaa gauni lake la manjano ambalo halikuwahi kuvaliwa tangu Nairobi, na wakisikia watu wakishangilia ndani ya uwanja wa kriketi walibishana kuhusu sababu, maana hakuna aliyeuelewa mchezo huo.

Lakini Mumbua alikuwa na kitu alichokificha, na Alfayo alikigundua mapema. Simu ikiita kwa namba asiyoijua, aliigeuza kifudifudi. Bahasha ikidondoka mlangoni, aliiruka mara mbili tatu kabla ya kuiokota. Woga wake haukuwa wa bure. Visa yake ilikuwa imeshikwa na kampuni iliyomleta. Kampuni ikimwachisha, angepewa siku sitini za kupata mwajiri mwingine au kuondoka. Alikuwa ameona kwa macho yake. Truphosa, aliyelala kitanda cha pili chumbani mwake, alikosea dawa ya mgonjwa mara moja tu, akaachishwa. Siku ya hamsini na tisa Mumbua ndiye aliyemsindikiza uwanja wa ndege, na masanduku yalikuwa mepesi kuliko yalivyokuja.

Alfayo alikuwa na kibali cha kudumu cha kuishi Uingereza. Jioni moja ya Juni, kwenye benchi karibu na kituo cha tramu, alianza sentensi ambayo mwanamke yeyote angejua inakoelekea. Mumbua akamwekea mkono mdomoni.

"Usiniulize hiyo saa hii, Alfayo. Nikisema ndiyo, sitajua kama nimekubali wewe ama nimekubali karatasi. Na wewe pia hutajua. Siku moja tukikosana utaniangalia tu na utajiuliza."

"Mimi sitajiuliza."

"Mimi nitajiuliza. Ngoja siku nitakuwa siogopi."

Alfayo akambusu kiganja, akangoja.

Ikafika, wiki ya mwisho ya Juni, siku ambayo Mzee Oliver na Setsuko walifunga ndoa. Mzee alikuwa amegoma kula tangu jana yake. Alikaa dirishani na fulana yake ya sufi, anamwita mkewe, na kila Mumbua alipomwambia kwa upole kwamba Setsuko ameshatangulia, alilia upya kana kwamba habari imefika sasa hivi. Akaomba chai ya Setsuko. Mumbua akalifungua kopo jeusi.

Kosa lake lilikuwa la upendo, na mtu wa kwao asingeliona kuwa kosa. Mtu akikataa chakula, kwa kina Mumbua huchemshiwa chai ya nguvu. Alibandika sufuria, maji nusu, maziwa nusu, akatia vijiko vinne vya mezani vya yale majani ya kijani yanayong'aa, akaacha ichemke, ipande, ishuke, ipande tena, akatia sukari. Rangi ilimshangaza kidogo. Mzee Oliver alikunywa kikombe kikubwa, akaomba cha pili, akala mkate vipande viwili, akaanza kuimba.

Mumbua alimpigia Alfayo kwa furaha. Alimsimulia yote, vijiko, sufuria, wimbo. Alfayo akamkatiza.

"Umesema vijiko vinne? Vya mezani?"

"Kwani chai hufanywa aje?"

"Mumbua, mpenzi, mshike mkono. Mapigo yake yako vipi?"

Alimshika. Ule mshipa ulikuwa unarukaruka chini ya vidole vyake bila mpangilio, na Mzee alikuwa ameacha kuimba. Uso ulikuwa umelowa jasho. Mumbua aliita ambulensi kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa yake.

Hospitalini Cheryl alifika mbio, koti la ofisini limefungwa vifungo kombo. Daktari aliuliza Mzee amekula nini, amekunywa nini. Macho manne yakamgeukia Mumbua. Hapo, mbele ya mtu mwenye kalamu mkononi, alimwona Truphosa na masanduku yake kwa macho ya moyo.

"Chai yake ya kawaida," akasema. "Ile ya kila siku. Nilitia maziwa."

Alfayo alimpigia mara tano. Mara ya sita alipokea akiwa chooni, anakata maneno kwa kwikwi.

"Umewaambia?"

"Nitawaambia."

"Waambie sasa, babe. Daktari lazima ajue ni kafeini kiasi gani. Si mchezo."

"Wakijua naenda. Unaelewa? Naenda kabisa. Tafadhali usiseme kitu."

Aliikata simu, akanawa uso, akarudi wadini. Saa moja baadaye alichungulia kwenye kioo cha mlango kabla ya kuingia, akasimama hapo hapo. Alfayo alikuwa amesimama ndani na Cheryl. Bado alikuwa amevaa ile aproni ya kijani. Alikuja mbio kutoka kazini. Alikuwa anaongea, na Cheryl alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Mumbua hakungoja. Alishuka ngazi, akatoka nje, akapanda basi la kwanza lililosimama bila kusoma linakwenda wapi. Ndani ya basi alifuta jina la "Mtema Chai" kwenye simu, akaifunga namba isiweze kumfikia. Aliuma meno asilie mbele za watu. Kwa hiyo hata wewe, alisema moyoni.

Siku nne zilizofuata hakulala zaidi ya saa mbili mbili. Alingoja simu ya kampuni. Alikunja nguo zake, akazikunjua, akazikunja tena. Siku ya tano simu ikaita, nayo haikuwa na la ajabu: Mzee Oliver amerudi nyumbani, moyo umetulia, zamu yake ni ile ile. Mumbua aliishika simu muda mrefu baada ya kukatika.

Alikwenda Edgbaston. Cheryl alimfungulia mlango, akamkumbatia. Akamshukuru kwa kuita ambulensi upesi. Daktari alikuwa amesema kafeini ile ilimzidi Mzee na ikautibua moyo uliokuwa na tatizo tayari. Na kosa, Cheryl akaendelea, halikuwa la Mumbua hata kidogo. Yule kijana wa duka la chai alikuja mwenyewe hospitalini kukiri. Alisema alibadilisha makopo, akatia ile kali kwenye jekundu, na hakuweka kadi. Cheryl alikuwa ameandika malalamiko. Bi Beverly amemsimamisha kazi.

"Miaka hamsini tunanunua pale," Cheryl alisema, "haijawahi kutokea."

Mumbua aliomba aende jikoni. Alifungua mkoba. Kadi ilikuwa pale, imepinda pembe moja, na mwandiko wa Alfayo ulikuwa safi: *Gyokuro. Gramu 50. Mei 17. Kijiko kimoja kidogo, maji ya vuguvugu. Isichemshwe. A.L.* Nyuma, namba ya simu aliyoifungia mlango.

Niseme ukweli kuhusu Mumbua, maana nampenda na sitaki kumpamba. Alilifungua pipa la taka. Alishika ile kadi juu yake kwa muda. Hakuna nakala. Akiichana, hakuna mtu duniani atakayejua, na visa itabaki, na mdogo wake anayemlipia karo atamaliza chuo, na bahasha zitakuwa bahasha tu. Alimwona Alfayo wa aproni, aliyekuja mbio kumwokoa kwa uongo, naye Mumbua akamlipa kwa kumfungia simu, na aibu iliyomshika ilikuwa nzito hata kuliko woga. Woga haukuondoka. Ulikaa pale pale, aibu ikakaa juu yake.

Sebuleni, Mzee Oliver alikuwa anauliza kama kuna ile chai ya maziwa. Alikuwa amesahau hospitali, ambulensi, hata mwezi. Chai hakuisahau. Cheryl alicheka. Mumbua akaweka kadi mezani mbele yake.

"Alfayo hakukosea. Aliweka kadi. Mimi ndiye niliichukua, kwa sababu ya namba yake. Ile ya kopo jeusi niliichemsha mimi, na alikuwa ameniambia nisichemshe. Daktari alipouliza, nilidanganya."

Cheryl alisoma kadi, akaigeuza, akasoma tena. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Ulimdanganya daktari. Baba yangu akiwa amelala pale."

"Ndiyo."

"Itabidi niwaambie kampuni. Unajua hivyo?"

"Najua," Mumbua akasema. "Nimejua tangu siku ile. Ninachoomba ni kadi tu, niipeleke dukani."

Safari hii mlango wa kioo aliuona. Bi Beverly, mwanamke mrefu mwenye mvi na kalamu sikioni, aliisoma kadi bila haraka, wateja wakingoja. Kisha akasema kwamba hakuamini tangu mwanzo. Alfayo angeweza kusahau koti lake kwenye mvua, lakini si kadi. Ila alishikilia kwamba amesahau, na mwenye duka angefanya nini? Tangu juzi, alisema, yuko Washwood Heath anatafuta kazi ya ghala.

Mumbua alitoka nje, akasimama katikati ya watu, akaifungua namba. Ilipokelewa kabla haijalia mara ya pili.

"Mwala."

"Nani alikutuma?" Sauti yake ilikatika. "Nani alikutuma unidanganyie watu?"

"Ulisema wakijua unaenda kabisa. Nikaogopa."

"Mimi nilikuona kwa kioo nikafikiri unaniuza."

"Nilijua umefikiri hivyo. Nilikupigia, haikuingia. Nikaja kwako, ukaambia watu waseme hauko."

"Nisamehe. Nimewaambia kila kitu, Alfayo. Cheryl, na boss yako. Kadi iko kwa Bi Beverly. Aproni yako imening'inia, nimeiona."

Akasikia malori yakipita upande wa pili.

"Na wewe sasa?" Alfayo akauliza.

"Mimi sasa nangoja barua."

Walingoja wiki tatu, Mumbua amesimamishwa kazi. Alfayo alirudi nyuma ya kaunta. Kila jioni alikuja Newtown na kipakiti cha kitu cha kuonja, na kila jioni Mumbua alionja bila kuhisi ladha. Hakumuuliza lile swali. Aliahidi kungoja, na alikuwa mtu wa kadi.

Barua ilifika Jumamosi ya mwisho ya Julai. Alfayo aliikuta kwenye meza ya jikoni Jumapili alasiri, haijafunguliwa, na Mumbua ameketi mbele yake amevaa gauni la manjano. Hakuwa amekwenda kanisani. Uso ulikuwa umevimba kwa kukosa usingizi.

"Imekaa hapo tangu jana?"

"Tangu jana. Niulize sasa."

"Nikuulize nini?"

"Usijifanye. Kabla hatujafungua. Ikiwa nzuri, utasema nilikubali kwa sababu nimetulia. Ikiwa mbaya, nitasema nilikubali kwa sababu ya karatasi. Saa hii hakuna anayejua. Niulize, Alfayo."

"Ulisema siku ambayo huogopi."

"Hiyo siku haiji. Angalia mikono yangu."

Aliiangalia. Ilikuwa inatetemeka juu ya meza. Akaishika yote miwili, akapiga goti kwenye sakafu ya jiko la kaunsili, kati ya meza na friji, mahali pasipotosha goti. Akamuuliza kwa maneno manne mafupi.

"Ndiyo," Mumbua akasema.

Ndipo akachukua kisu cha siagi, akapasua bahasha. Alisoma kimya, midomo ikisogea. Onyo la maandishi. Mafunzo ya wiki mbili. Kazi inaendelea, visa haiguswi. Mstari wa mwisho ulisema kwamba kwa ombi la familia hatarudi tena kwa Mzee Oliver. Aliurudia mstari huo, akaweka barua mezani na kulia kwa sauti, kwa ahueni na kwa ajili ya yule mzee aliyekaa dirishani, ambaye kesho angeuliza chai yake ya maziwa na asipate wa kumwelewa.

Alfayo alimwacha alie. Alichemsha maji, akayaacha yapoe, na hilo lilichukua muda. Kisha akaweka mbele yake kikombe kidogo kinachoenea kwenye ngumi, kijani kibichi ndani yake, na karibu na kikombe kadi. Mumbua aliisoma kwa macho yenye machozi: *Gyokuro. Vikombe viwili. Jumapili. Alisema ndiyo kabla ya barua. A.L.*

"Hiyo usiitoe ndani ya kopo," Alfayo akasema.

Mumbua alikunywa. Mikono bado ilikuwa inatetemeka kidogo, lakini chai haikumwagika.